Mashine ya Haneti

Kwetu Dodoma ukisema unakwenda mnadani, watu wanajua utarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi na nguo zinazonuka nyama choma. Mnada ninaousimulia mimi haukuwa na vumbi wala moshi. Ulikuwa kwenye simu, kundi la watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonana, na kila Jumamosi mchana mwenyekiti aliweka picha za vitu vilivyotumika: friji, vitanda, vyerehani, baiskeli za watoto waliokwisha kukua. Mtu anataja bei, mwingine anapandisha, mpaka mwenyekiti aandike "imekwenda". Baada ya hapo muuzaji na mnunuzi wanamalizana wenyewe, na mzigo unapanda basi.

Mwenyekiti alikuwa mstaafu, na kundi lile aliliendesha kama mzee wa kanisa. Huruhusiwi kutaja bei kabla hujasalimia. Mzigo ukichelewa, huruhusiwi kuuliza uko wapi bila kwanza kuuliza hali ya nyumbani kwa mwenzako. Neno "tapeli" lilikuwa mwiko. Aliyeliandika alitolewa siku hiyohiyo, hata kama kweli ametapeliwa. Mimi ni mtumishi wa serikali, kutwa naandika barua za "tafadhali rejea somo tajwa hapo juu", na adabu ile ya ziada ilinichosha. Nina hasira za karibu, nyumbani wanajua. Lakini niliifuata, kwa sababu vitu vya pale vilikuwa vizuri na bei haikuumiza.

Baba alikuwa anaishi nami Msalato. Alikuwa amesaga mahindi ya watu maisha yake yote kule Bahi, na vumbi la unga lilimwingia kifuani likakaa humo. Mwaka ule mapafu yalichoka kabisa. Hospitali walimlaza, wakamwekea oksijeni, akapata nafuu, wakasema mgonjwa wa namna hii anatakiwa awe na mashine yake nyumbani. Bila hiyo atakuwa anarudi wodini kila mara, na ipo siku hatawahi. Daktari alilisema hilo la mwisho akiwa anatazama dirishani. Mashine mpya ilikuwa nje kabisa ya uwezo wangu.

Ndipo Jumamosi moja mwenyekiti akaweka picha ya mashine ya oksijeni. Ilikuwa nyeupe, yenye magurudumu madogo, imesimama kwenye mkeka ubavuni mwa kitanda. Muuzaji alikuwa dada mmoja wa Haneti, na aliandika maneno machache tu: inafanya kazi vizuri, mgonjwa wetu hatakuwa na haja nayo tena. Watu wakaandika pole. Mimi nikaandika pole, halafu bei. Nilipandisha mpaka wengine wakanyamaza. Imekwenda. Nilituma fedha palepale, na baba akasema sasa atalala akiwa amelala kweli, si akiwa amekaa ameegemea mito.

Ile picha nimeitazama mara nyingi tangu hapo. Ukiikuza, pembeni kwenye kitanda unaona blanketi limeinuka, kama linavyoinuka pale penye mguu wa mtu. Siku ile sikuona blanketi. Niliona mashine.

Haneti si mbali. Barabara ya Kondoa ni lami tupu, inapita hapa Msalato karibu na nyumbani kwangu, na mabasi yanapita kila siku. Mzigo ukipakiwa kule asubuhi, kabla ya saa ya chakula cha mchana unaupokea barabarani. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza ulipokuja, "Dada yangu, samahani sana, leo haikuwezekana," sikuona neno. Mtu ana msiba, nilisema moyoni. Nikajibu kwa utaratibu wa kundi: "Usijali dada. Habari za nyumbani? Wazee hawajambo?"

Akajibu, "Tunaye bado."

Nilisoma mara mbili, nikadhani amekosea, au ni mtu wa pori ambaye Kiswahili chake ni cha shule. Nikaiacha.

Siku zikapita. Kila asubuhi aliomba radhi. Gari lilijaa. Kondakta alikataa mzigo wa umeme. Mvua. Nilitoka nje nikatazama mbingu ya upande wa kaskazini, haikuwa na hata wingu. Kila nilipouliza hali ya nyumbani, jibu lilikuwa lilelile, tunaye bado, tunaye, na mimi kila mara nilijibu "tunashukuru Mungu" bila kujua ninamshukuru kwa lipi. Wakati huo baba alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisima kirefu. Vidole vyake vilianza kuwa na rangi nisiyoipenda. Nikiwa ofisini nilishtuka kila simu ilipolia, na wenzangu wakaanza kunisemesha kwa upole, jambo lililonitia hofu zaidi kuliko ugonjwa wenyewe.

Niliandika neno "tapeli" kwenye simu. Nikalifuta. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari la Kondoa nikaufuate mzigo mwenyewe. Huo nao ulikuwa utovu wa adabu: kwenye kundi letu mnunuzi haendi nyumbani kwa muuzaji bila kualikwa. Sikujali tena.

Haneti nilishukia kwa mama mmoja anayeuza nyanya kando ya barabara. Nilimtajia ninachojua kuhusu nyumba ninayoitafuta, dada fulani, amefiwa karibuni. Akaniambia hajasikia msiba. Kisha akafikiri, akapunguza sauti. "Au ndiyo kule kwa mgonjwa? Umekuja kumwona?"

"Nimekuja kuchukua mzigo," nikasema.

Alinitazama kwa muda, akanyoosha mkono kuonyesha njia, halafu akageukia nyanya zake. Hakuniaga.

Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, waya wa umeme ukiingia ukutani. Nilibisha hodi, nikasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, na akatoka dada wa umri wangu, mwembamba, khanga imefungwa kiunoni, macho ya mtu asiyelala. Sikuwa na haja ya kujitambulisha. Alinijua, na alinipokea vizuri hivi kwamba hasira niliyotoka nayo Msalato ikakosa mahali pa kukaa. Akaniletea kiti. Akaniletea maji. Akauliza baba anaendeleaje. Akasema nisiondoke bila kula, na nikasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo nilipoisikia. Nyuma ya pazia la chumba cha kwanza kulikuwa na mngurumo mdogo, wa chini, na kila baada ya muda mlio wa pumzi inayotolewa. Niliujua. Nilikuwa nimekaa nao wodini kwa muda mrefu. Niliiweka chini bilauri ya maji, na dada yule aliona kwamba nimesikia, akainamisha kichwa.

 Nani angeanza kuitaja? Nimuulize kwa nini mgonjwa wake hajafa? Tuliendelea kuzungumza habari za mvua na bei ya alizeti, na mashine yangu ikinguruma nyuma ya pazia.

Kisha sauti ikaita kutoka ndani, nyembamba, "Ni nani huyo? Mleteni."

Bibi alikuwa amelala chali, mipira ya mashine puani, mdogo mno kwa kitanda kile. Nikapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe mwenye mashine?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

"Nimekuchelewesha," akasema. Alipumzika kidogo, akaendelea. "Unisamehe. Sikudhani nitachukua muda wote huu."

Binti yake alikuwa mlangoni amejifunika uso kwa ncha ya khanga. Mimi nilikuwa na jibu moja tu mdomoni, ndilo tunaloandikiana kila siku mzigo unapochelewa, na lilitoka lenyewe. "Hakuna haraka, bibi," nikasema.

Alinitazama usoni, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Sikuweza kuukaza uso. Nilimhurumia, na Mungu ananijua, nilimchukia pia, kwa wakati mmoja, kwa sababu kila pumzi iliyolia pale nilikuwa naihesabia baba.

Dada yule alinisindikiza hadi barabarani, na njiani akanieleza yote. Hospitali waliwaambia mpelekeni nyumbani. Mama akaacha kula, akaacha kuongea, na kila aliyekuja kumwona alitoka akisema ni kesho. Kaka zake walishaanza kuuliza habari za jeneza. Akaogopa kwamba baada ya mazishi ndugu watagombea mashine, akaiweka mnadani. "Kesho yake mama akaomba uji," akasema. Alinishika mkono, akaniambia anirudishie fedha. Nikamwambia fedha hainisaidii, mashine nyingine sijaiona popote. Tulisimama pale mpaka basi likaja, na hatukuamua chochote. Nilipoketi garini ndipo nilipoona ananipungia kipande cha kuku alichonifungia kwenye mfuko, nilichokisahau.

Baba aliuliza, "Umekuja nayo?" Nikamwambia bado haijawa tayari. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mito yake.

Asubuhi ya siku ya pili yake ujumbe ukaingia: "Mzigo tumeupandisha. Samahani sana kwa kuchelewa, dada." Nilikaa chini. Sikuuliza hali ya nyumbani. Hiyo ndiyo mara pekee niliyoacha kuuliza, maana nilidhani ninalijua jibu. Niliipokea mashine barabarani ikiwa imefungwa kwenye blanketi, na nilipolifungua blanketi lilikuwa na harufu ya mafuta ya mgando wanayopakwa wagonjwa. Nilifuta kila kitu kwa dawa, nikaweka mipira mipya. Baba alivuta, akafumba macho, akavuta tena. Jioni ile alikula ugali kwa mlenda, akasema mlenda umekosa karanga. Nilikuwa na miezi sijamsikia akilalamikia chakula. Nililia jikoni kwa furaha, nikijiona mchawi.

Nilikosea kumwambia. Aliniuliza mwenye mashine ni nani, nami nikasema ni bibi mmoja wa Haneti, amefariki. Baba akarudisha tonge sahanini. "Na umewapa pole?"

"Nitawapa."

"Lini? Mtu anatumia kitu cha marehemu hajatoa hata pole? Nipigie simu sasa hivi."

Nilijaribu kumkwepa, akakataa. Baba alikuwa mtu wa namna hiyo. Mtu akimletea mahindi ya kusaga saa ya kufunga, anafungua upya mashine na kumwomba yeye radhi. Nikapiga, nikaweka sauti ya juu, nikampa.

"Poleni sana na msiba, mwanangu," akasema baba.

 Dada yule akasema taratibu, "Msiba gani, mzee? Mama huyu hapa."

Sikuwahi kuona uso wa baba ukibadilika vile. Aliniangalia mimi, hakuiangalia simu. Kule tulisikia mkwaruzo, simu inahamishwa, halafu ile sauti nyembamba, sasa nyembamba zaidi, neno moja moja. "Usijali, mwenzangu. Itumie tu. Mwanao alisema hakuna haraka, lakini uso niliuona. Anakupenda huyo mtoto."

"Bibi," baba akasema, "nani kakwambia utoe?"

"Mimi mwenyewe. Nimekaa nayo sana. Nakuchelewesha."

"Mimi ndiye ninayekuchelewesha wewe," baba akasema, na kabla sijafika kitandani alikuwa ameshaivua mipira puani.

Tuligombana. Sikuwahi kumpandishia baba sauti kabla ya siku ile wala sikupata nafasi tena. Nilimwambia bibi ameshakata tamaa, ametoa kwa hiari yake, nimeinunua kihalali mbele ya watu. Nilimwambia hata yale ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba yule anaondoka tu leo au kesho, na wewe unaweza kuishi. Akanijibu kwa vipande, akihema, "Mimi nivute pumzi ya mtu aliye hai? Irudishe." Nikasema sirudishi. Akasema basi ikae pale itazamwe, maana puani kwake haitarudi. Na kweli haikurudi. Nilimsihi, nikaleta na jirani zangu wamsihi, akawasalimia vizuri wote na akakataa.

Mwisho tukapatana. Mimi nitairudisha Haneti, na yeye mashine ikifika salama atakubali nimpeleke hospitali akalazwe, ambako alikuwa ameapa hatakwenda tena. Niliona hilo linaweza kumwokoa. Asubuhi nikampigia dada yule, akalia, akasema watu wake watakuwa barabarani kuipokea. Nikaikabidhi kwa kondakta kwenye lami, nikamsisitizia ni kitu cha mgonjwa, ashushe Haneti. Baba alitaka akae barazani aone basi likipita. Lilipita. Akainua mkono kidogo.

Simu iliingia jua likiwa limepanda. "Dada," akasema yule wa Haneti, na kwa jinsi alivyolitamka nikaacha nilichokuwa nimeshika. "Shikamoo yetu kwa mzee. Yule mgonjwa wetu hali imebadilika kidogo. Kaka wote wameitwa." Kwetu msiba hausemwi kwenye simu, unasemwa hivyo, na kila mtu anaelewa. "Usihangaike tena kututumia kile kitu."

"Imeshaondoka," nikasema.

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake wanawake walikuwa wanalia kwa sauti. "Basi utusamehe sana, dada," akasema. "Hapa hakuna hata mtu wa kwenda barabarani."

Nilimpigia kondakta mpaka akapokea. Alikuwa ameshapita Haneti. Alisimama pale, akasema, akapiga honi, hakuona mtu wa kupokea, na abiria walianza kumfokea. Anaipeleka Kondoa, atarudi nayo kesho. Nilimwambia aiteremshe popote, aiweke kwenye gari lolote linalokuja Dodoma. Akasema kwa adabu kabisa, "Dada, tuliza moyo, mzigo wako uko salama." Nilitamani kumrarua. Nikaita gari la kutupeleka hospitali, dereva akasema yuko mjini, anakuja.

Baba alikuwa bado barazani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na kichwa kilikuwa kinatikisika kila alipovuta. Nikamwambia tunaondoka sasa, gari linakuja. Akaushika ukingo wa kiti.

"Imefika?"

Kama ningemwambia haikufika asingeondoka pale. Nilimjua. Na kama ningemwambia bibi yuko wapi sasa, sijui kingetokea nini.

"Imefika, baba."

"Ameivaa?"

"Ameivaa. Anakushukuru sana."

Akauachia ukingo wa kiti. Uso ukamlainika, na kwa mara ya kwanza tangu tugombane akanitazama kama zamani. "Vizuri," akasema. "Basi niletee shati. Siendi mbele ya madaktari na fulana."

Nikaingia ndani nikalitafuta, lile jeupe la kanisani, nikalikung'uta. Nilipotoka gari lilikuwa linageuza mbele ya nyumba na baba alikuwa ameinamisha kidevu kifuani, ameshakata roho. Nilipiga magoti nikamvalisha shati lile kiungo kwa kiungo, nikamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, na dereva akawa amesimama pembeni ananiambia, taratibu, dada, hakuna haraka.